Kaske Zilizokufa Upande wa Kulia

Ninyi vijana mnaopanda barza yangu na kaske mpya mkononi, hizi za kuvalia masikioni, mkilalamika kwamba sikio moja linasikia muziki na la pili linasikia mbu, mnashangaa kwa nini sishiki bisibisi mara moja. Juzi mmoja wenu aliwaambia wenzake pale kwenye ngazi, akidhani sisikii: "Muzee amesahau kazi." Sijasahau. Kwanza nakuvalisha hiyo kaske kinyume, kikombe cha kushoto kwenye sikio la kulia na cha kulia kwenye sikio la kushoto. Halafu nakuuliza: mbu amehama, au amebaki pale pale?

Akihama pamoja na kikombe, ugonjwa uko ndani ya kaske au ndani ya mashine inayoilisha sauti. Akibaki kwenye sikio lile lile, basi, mwanangu, kaske ni nzima. Mgonjwa ni wewe.

Mnacheka. Wakati wa Zaire, nilipokuwa na meza yangu sokoni, alinijia dereva mmoja wa treni, mtu wa sauti kubwa kama kazi yake, na kaske mpya aliyoletewa na shemeji. Nikamgeuzia. "Bado kushoto," akasema. Nikamgeuzia tena. "Bado kushoto! Papa Musafiri, unanichezea?" Nikamtuma kwa mwuguzi wa dispanseri, aliyemtoa sikioni bonge la nta lililokuwa gumu kama gamba la konokono. Akarudi na hasira zaidi. "Sasa nasikia yote. Hata bibi yangu namusikia. Ulinifanyia nini?"

Lakini hiyo ilikuwa baada ya mimi kujifunza. Kabla ya kujifunza nilikuwa mtu hatari, na ningependa mnisikilize juu ya miaka hiyo ya hatari, maana ninyi mko ndani yake sasa.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Lwamba, mtu wa fonii, ile redio ya kuzungumza na vituo vya mbali. Nilifika kwake nimetoka shule ya sekondari, sehemu ya umeme, nikiwa na kalamu mbili mfukoni. Asubuhi moja watu wa kituo cha Kirungu walikuwa wanaita, na kwenye kaske yake sauti ilikuja na kwenda. Yeye alikuwa nje anakunywa chai. Nikaona nafasi yangu ya kuonekana. Nikaifungua mashine yote, nikapanga vipande juu ya meza kama mtu anayeuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Papa Lwamba akaingia, akatazama, hakupiga kelele. Akaikamata fishi ya kaske, ule mchomeko wa chuma unaoingia kwenye tundu la mashine, akaisukuma kidogo ikalia "tak". Ilikuwa haijaingia mpaka mwisho.

"Mutoto," akaniambia, "kitu kikiharibika, kinaongea. Weye unakikatisha maneno."

Nilishinda siku ile nikirudisha skrubu. Moja ilibaki, na hakuna aliyejua ilitoka wapi. Mashine ilifanya kazi bila hiyo miaka yote, jambo ambalo Papa Lwamba aliwaeleza wageni kila nilipokuwa karibu ili nisikie. Alinifundisha kubadilisha kitu kimoja tu, kisha kusikiliza. Ukibadilisha waya na mashine na kaske kwa mara moja na sauti ikarudi, umepona bila kujua ulikuwa na ugonjwa gani. Namshukuru mpaka leo. Ningemshukuru zaidi kama ningemtii mapema.

Sasa niwaambie habari ya Mama Feza.

Miaka ile tulikuwa bado tunaitana sitwayen, yaani raia, kwa amri ya serikali, na vitu vyote vizuri vilitoka ng'ambo ya ziwa, Kigoma. Lakini si kila mwanamke wa soko aliweza kuvuka. Kulikuwa na karatasi za safari, kulikuwa na wakaguzi wa bandari, kulikuwa na watoto wa kuacha nyumbani. Basi wamama wa mstari wa vitu vya duka, wale waliouza vitenge, sabuni, sahani na redio, walikuwa na desturi yao: walichagua mmoja avuke kwa ajili ya wote. Huyo alibeba maneno ya kila mmoja kichwani, nani anataka kitenge cha rangi gani, nani anataka sufuria ya ukubwa gani, na wenzake walikula kile alichochagua yeye kwa jicho lake. Haikuwa kazi ndogo. Mwanamke aliyechaguliwa alipita sokoni kama mke wa gavana. Kwa misimu mingi aliyevuka alikuwa Mama Feza, mjane, mwembamba, mwenye kutembea haraka na kusema polepole.

Safari moja akaleta, pamoja na vitu vya wenzake, katoni ya kaske. Hapa Kalemie tulikuwa tumezoea kaske za fonii, nzito kama kofia ya mchimba madini. Hizi zilikuwa nyepesi, na vikombe vyake vilikuwa na sponji ya rangi ya chungwa. Vijana walizigombania. Wiki haikwisha, wakaanza kuja mezani kwangu.

"Papa Musafiri, upande wa kulia umekufa."

Nikachomeka kwenye redio yangu ya kazi. Kweli: kushoto, muziki, kulia, mbu. Akaja wa pili. Kulia, mbu. Akaja wa tatu, wa nne. Wote kulia.

Hapa ngojeni kidogo, maana hapa ndipo kosa lilipo. Kama watu wote wa mtaa mmoja wanachechemea mguu wa kulia, usitazame miguu yao, tazama njia. Vitu vipya vya katoni moja haviwezi kupatana kuugua ugonjwa ule ule upande ule ule. Papa Lwamba angeliona hilo kabla ya kukaa. Mimi nililiona pia, nakiri, lilinipita kichwani kama ndege anavyopita dirishani. Lakini mezani kulikuwa na watu wamesimama, wananitazama, na mimi nilipenda kutazamwa.

Nikapata dawa. Nilikata fishi yake mpya, nikaunganisha waya wa kushoto na wa kulia pamoja, nikaweka fishi ya zamani ya redio zetu. Sauti ikaja pande zote mbili. Vijana wakanipigia makofi. Na kila nilipokata, niliongeza mzaha. "Hii ni mali ya Mama Sikio-Moja," nilisema. "Huko Kigoma alifumba jicho moja na sikio moja." Watu walicheka. Siku ya tatu niliwasikia watoto wa soko wakimwita hivyo kwa nyuma yake. Siku zilizofuata wakamwita hivyo kwa mbele.

Mama Feza alikuja mezani kwangu saa za mchana, kaske zilizobaki zikiwa kwenye beseni kichwani. Akatua beseni. Hakukaa.

"Karibu, Mama," nikasema.

"Sikuje kukaribia. Nimekuja kusikia. Nasikia unasemaka juu yangu. Sema sasa. Mimi niko na masikio mbili."

Nikachukua kaske moja kwenye beseni lake, nikachomeka kwenye redio yangu, nikampa. "Sikiliza mwenyewe. Kulia iko wapi?"

Akavaa. Akasikiliza kwa muda mrefu. Nilidhani ataona aibu. Akaivua, akaiweka mezani taratibu.

"Kigoma nilijaribu kimoja kimoja," akasema. "Mutu wa duka alichoka na mimi, alikwenda kula, alirudi, bado niko najaribu. Zilisikika pande zote."

"Ulijaribu juu ya redio gani?"

"Ile kubwa, ya bafle mbili."

Bafle ni spika, ninyi mnajua. Redio yangu ilikuwa na bafle moja. Redio zote nilizotengeneza maisha yangu zilikuwa na bafle moja. Nikaitazama kaske, nikaitazama fishi yake, na kwa mara ya kwanza nikaisoma. Fishi za redio zetu zilikuwa na mkanda mmoja mweusi, hivyo chuma kimegawanyika vipande viwili. Hii ilikuwa na mikanda miwili, vipande vitatu: ncha kwa sikio la kushoto, katikati kwa sikio la kulia, na sehemu ya nyuma ya kurudishia umeme kwa wote. Tundu la redio yangu halikujua kipande cha katikati. Lilikigusa kama sehemu ya nyuma, na sauti ya kulia ikafia hapo hapo mlangoni. Kaske haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimempa mtu mwenye meno mazima uji, halafu nikamsema kwamba hatafuni.

Nilitaka kunyamaza. Nawaambia ukweli, nilitaka kusema "nitachunguza" na kuomba aende. Lakini yeye alikuwa amesoma uso wangu.

"Kinyozi iko na redio ya bafle mbili," akasema. "Twende."

Tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma na kaske tatu shingoni. Kinyozi alikuwa anamnyoa mwalimu. "Papa Musafiri, unakuja kupunguza kichwa?" akaniuliza. "Kimeshapunguka," Mama Feza akajibu kwa ajili yangu.

Nikachomeka. Gitaa likaja kulia, mwimbaji akaja kushoto, na ngoma ikakaa katikati ya kichwa changu, mahali ambapo sikuwahi kusikia kitu. Nikaigeuza, gitaa likahama na kikombe chake. Nikachukua ya pili. Ya tatu. Zote gitaa kulia, mwimbaji kushoto.

"Sema," Mama Feza akasema.

"Ni nzima."

"Sisikii."

"Ni nzima, Mama. Zote ulizonipa ni nzima. Redio yangu njo haikuzijua."

"Basi kinyozi amesikia, na mwalimu amesikia na sabuni masikioni. Soko haijasikia." Sauti yake ikashuka. "Meli inatoka posho. Kesho wamama wanakaa kuchagua wa kuvuka. Mama Zaina amesema mutu wa sikio moja hawezi kuwachagulia vitu. Unaelewa ulinifanyia nini?"

Posho ni Jumamosi kwetu, siku waliyopewa watu chakula zamani za Wabelgiji. Nilielewa. Kuvuka ndilo lililokuwa jina lake lote katika mji huu. Mume alikuwa hayupo, shamba hakuwa nalo, ndugu zake walikuwa mbali huko Niemba. Alikuwa mwanamke anayeaminiwa kuchagua, na mimi nilikuwa nimemvua hilo kwa mzaha.

Kesho yake nikaazima redio ya kinyozi, nikaibeba kichwani mpaka mstari wao. Mama Zaina alikuwa mkubwa wa wamama wale, mnene, mchekeshaji, na ulimi wake ulikuwa na makali pande zote. Nikawaeleza habari ya fishi. Nikawaonyesha mikanda miwili, nikawaonyesha fishi ya zamani yenye mmoja. Nikasema kosa lilikuwa langu.

"Ngoja kwanza," Mama Zaina akasema. "Jana ulisema zimekufa. Leo zimefufuka. Hizi kaske ni Lazaro?"

Walicheka mpaka mmoja akashika nguzo ya kibanda.

"Amehongwa na mjane," mwingine akasema.

"Kwa kitu gani? Kwa ndagala?"

"Papa huyu hahongeki na ndagala, tumbo lake linataka mukeke, samaki ya wakubwa!"

Nikaacha wacheke. Nikamvalisha Mama Zaina kaske ya kwanza. Kicheko chake kikakatika katikati. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, kama mtu aliyeitwa na watu wawili. "He! Iko ndani ya kichwa!" Basi kila mama akataka zamu yake. Nikawafundisha kuigeuza, kuuliza mbu yuko wapi, kuchomeka kwenye redio yangu ya bafle moja na kusikia upande wa kulia unakufa, kurudisha kwenye ya kinyozi na kusikia unafufuka. Nikawaonyesha hata ujanja wa kuivuta fishi kidogo, unywele tu, mpaka redio ya bafle moja ilishe pande zote. Ujanja huo si dawa, ni bahati. Kwa redio nyingine hukataa. Lakini walifurahi. Tulikuwa tunamaliza beseni.

Kaske ya mwisho nikaivaa mwenyewe kwanza. Kulia kulikuwa na sauti, kushoto kulikuwa na mbu. Nikaigeuza kwa haraka. Mbu akahama na kikombe chake. Redio ilikuwa ile ile iliyolisha zingine zote vizuri. Nikakunja waya karibu na fishi, nikakunja karibu na kikombe, mahali ambapo hukatika. Mbu hakubadilika. Hii ilikuwa mbovu kweli, na tena kwa upande wa kushoto, siyo ule wa kulia nilioupigia kelele.

Hapa nikafanya kosa la pili, ambalo linaniuma kuliko la kwanza, maana la kwanza nililifanya bila kujua. Nikaivua, nikasema kwa sauti, "Nzima!" na nikaitia chini ya zingine. Nilitaka shughuli iishe. Nilitaka kusamehewa upesi.

Mama Feza alikuwa ananitazama mikono. Akaingiza mkono ndani ya beseni, akaitoa ile ile, akavaa. Akasikiliza. Akaigeuza kama nilivyofundisha. Soko lote lilikuwa linamngoja.

"Hii si nzima," akasema.

"Mama, ni kidogo tu," nikanong'ona.

"Papa Musafiri, jana uliua nzima. Leo unafufua mufu. Acha." Akawageukia wenzake, akainyanyua kaske wote waione. "Zingine zote ni nzima, mumesikia. Hii moja ni mbovu. Hii njo ya mwisho, meli ilikuwa inapiga honi, sikuijaribu. Niliitia tu. Ni kosa langu, si la fundi."

Nilitazama chini. Nilidhani amejimaliza mwenyewe: tangu asubuhi nilikuwa ninamjengea nyumba, naye ametoa tofali la chini kwa mkono wake.

Mama Zaina akachukua ile kaske mbovu, akaivaa, akasikiliza mbu kwa makini kabisa, akaivua.

"Mutu anasema mali yake ni mbaya, na hakuna aliyemuuliza," akasema. "Nani mwingine hapa atafanya hivyo? Weye? Weye?" Akanyoosha kidole kwa mmoja mmoja, na kila mmoja akatazama pembeni. "Mimi mwenyewe singefanya. Basi. Huyu njo atavuka."

Wakaanza kusema wote kwa pamoja, kila mmoja akitaka kitu chake kikumbukwe kwanza.

Kaske zile nilizozikata sikuweza kuziponya zote. Waliozirudisha niliwawekea fishi ya vipande vitatu, moja moja, jinsi nilivyozipata. Wengine hawakurudi, na nadhani kuna watu katika mji huu waliozeeka wakisikiliza mwimbaji bila gitaa hata kwenye redio ya bafle mbili, maana fishi ya zamani huchukua upande wa kushoto tu, na sababu ni mimi. Ile mbovu niliifungua baadaye. Ngozi nyembamba inayopiga sauti ilikuwa imekunjamana tangu ilikotengenezwa. Hakuna fundi ambaye angeifanyia kitu. Na lile jina baya nililompa Mama Feza halikufa upesi kama nilivyotaka. Mzaha ni rahisi kuutupa na vigumu kuufuata kuurudisha.

Siku hizi mambo yamebadilika, nami najifunza kwenu. Simu yako ina mahali pa kugawa sauti kushoto na kulia. Nenda huko kwanza, maana mara nyingi mdogo wako amekuwa akicheza nayo. Tazama tundu: vumbi la mfuko wa suruali hujaa ndani, fishi inakataa kuingia mpaka mwisho, na hakuna "tak". Hata ganda la simu huzuia. Zile zisizo na waya, ifanye simu yako izisahau kisha uziunganishe upya, na safisha wavu wake mdogo kwa brashi kavu. Jaribu kaske juu ya simu ya mwenzako. Badilisha kimoja, sikiliza. Na kaske mpya zikikujia zote na ugonjwa mmoja, nyamaza, tafuta njia.

Jioni ya Ijumaa ile wamama walijipanga mbele ya Mama Feza, kila mmoja akimwambia sikioni anachotaka, naye akifumba macho kidogo ili kukihifadhi. Nikajipanga nyuma yao. Nilikuwa mwanaume peke yangu mstarini, na walinisema walivyotaka. Zamu yangu ilipofika, nilimwambia ninahitaji redio ya kazi, ya bafle mbili, ya kujaribia vitu vya watu. Sikustahili kumwagiza hata sindano. Alinitazama, halafu akafumba macho kama alivyofanya kwa wengine.

"Nitakuletea," akasema. "Toa nafasi, songa. Nani anafuata?"